Mdhamini Asiyeulizwa

Meseji iliingia Jumamosi saa moja asubuhi, kutoka namba ngeni, herufi kubwa tupu. Ilinitaarifu kwamba fundi wangu wa nguo, aliyetajwa kwa majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, ni mdaiwa sugu. Amekopa na amekata mawasiliano. Mimi, ilisema meseji, ni mdhamini wake, kwa hiyo nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana, la sivyo hatua zitachukuliwa dhidi ya wote wanaohusika.

Nilikuwa bado kitandani. Nilisoma mara mbili, na naomba nikiri mapema: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa huruma, wala hasira kwa walioituma. Nilijiuliza kitenge changu kiko wapi.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimempelekea yadi sita za kitenge na kumwachia advansi ya shilingi 20,000. Ni mteja wake wa miaka minne. Mafundi wa Dar tunawajua kwa tarehe zao za uongo, na yeye si malaika. "Njoo Alhamisi" yake inaweza kuwa Alhamisi yoyote ya mwaka. Lakini hajawahi kunipotezea hata kifungo. Na bado meseji ya watu nisiowajua, isiyo hata na jina la mtu chini yake, ilitosha kunifanya nianze kuhesabu yadi zangu.

Kabla sijaamka vizuri, grupu la WhatsApp la kitchen party ya binamu yangu likaanza kulia. Huyo fundi ndiye aliyetushonea sare, wanawake 14. "Jamani, na nyie mmepata hii?" "Na mimi." "Mimi wamenipigia kabisa, mkaka ananifokea utadhani mimi ndiye niliyekula hela yake." Tulikuwa tisa. Mmoja aliandika kwamba yeye hajapata kitu, na nadhani aliumia kidogo. Halafu shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, akagonga muhuri: "Dawa ya deni kulipa." Binti mmoja wa chuo akamalizia: "Kwani si alikubali mwenyewe? Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Sentensi hizo mbili nimezisikia kwenye daladala, saluni, na kwenye chumba chetu cha habari ambako watu wanalipwa ili wafikiri mara mbili. Ukizisikia haraka haraka zinamaliza mjadala: alikopa, basi alipe, alikubali, basi avumilie. Nimekaa nazo miezi kadhaa sasa. Ya kwanza sina ugomvi nayo mkubwa. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu kadiri ninavyoigeuza ndivyo ninavyokuta uso wangu ndani yake.

Nianze na deni lenyewe, kama alivyonisimulia baadaye. Mota ya ovaloki iliungua katikati ya msimu wa sendoff. Fundi bila ovaloki msimu wa sendoff ni sawa na mvuvi aliyetobokewa na ngalawa siku samaki wanapita. Benki hawezi kwenda, hana hata risiti ya mashine. Kikoba chake kilikuwa kimeshakopesha wengine mwezi huo. Akaona tangazo kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Aliomba shilingi 100,000. Makato yakatangulia, zikaingia 72,000, na baada ya siku saba alitakiwa arudishe 118,000. Siku ya nane wakaanza kumpigia. Siku ya tisa akazima simu ili amalizie sare za watu. Siku ya kumi tukaletewa sisi.

Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, jina linalotumika pia kwa wakopeshaji wanaobeba tivi na friji ya mtu, au wanaokaa na kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Angalau hao wanaeleza wanabeba nini. Tangazo la fundi lilisema bila dhamana, na hapo ndipo lilipodanganya. Dhamana ilikuwepo. Dhamana ilikuwa sisi.

Sasa hii ya kukubali mwenyewe. Nilichukua simu nikaangalia jinsi watu wanavyokubali. Simu yangu nimeiweka Kiswahili. Ukipakua programu, inatokea dirisha dogo linalouliza kama ungependa kuiruhusu ifikie "anwani zako", na chini kuna vitufe: Ruhusu, au Usiruhusu. Hilo neno anwani tu lina kesi yake. Kwa Mswahili wa kawaida anwani ni S.L.P., ni mtaa na namba ya nyumba. Mama yangu akiulizwa kuhusu anwani zake atajibu kwamba anayo moja tu, na ni ya shule aliyokuwa anafundisha. Waliotafsiri walimaanisha majina na namba za watu wote uliowahifadhi. Lakini tuseme tafsiri ni nzuri, na kila mtu anaelewa. Tatizo kubwa zaidi limekaa kwenye neno la pili, lile fupi. Zako.

Zako kivipi? Namba yangu ni yangu. Nilimpa fundi ili aniambie nguo iko tayari. Shangazi alimpa yake ili amfuatilie kuhusu sare. Kwenye simu ya fundi kuna mama yake wa Kilosa, mwalimu wa darasa wa mtoto, muuza uzi wa Kariakoo, mchungaji, muuguzi wa kliniki, na pengine mwanaume mmoja au wawili ambao hakuna haja ya mimi kuwajua. Kila mmoja alimkabidhi namba kwa kazi fulani. Halafu programu inakuja, inamwita pembeni, inamuuliza yeye peke yake kama ni sawa kuwachukua wote. Akibonyeza Ruhusu, tunasema ameamua kuhusu simu yake, na tunaita hiyo ni haki ya mtumiaji. Simu kweli ni yake, kainunua kwa pesa yake. Waliomo ndani hakuwanunua.

Fikiria alikuwa afanye nini ili ajibu kwa haki. Aandikie watu 300: "Habari za asubuhi, naomba kukopa laki moja, je, unaridhia namba yako isomwe na watu nisiowajua ili nikichelewa wakutukane?" Tungecheka. Lakini kicheko hicho ndicho kinachoonyesha kwamba swali lile halikuwa na njia ya kujibiwa vizuri na mtu mmoja aliyekaa kwenye stuli kando ya mashine iliyoungua. Binti wa chuo anasema angesoma masharti. Mimi nimejaribu kuyasoma, ya programu nyingine tatu, yakiwa kwa Kiingereza cha mawakili, na naandika kwa kulipwa. Hata ukiyasoma yote mpaka mwisho ukayaelewa, hupati ndani yake mamlaka ya kukubali kwa niaba ya muuguzi wa kliniki.

Katika kutafuta nilirudi kwenye tamthilia ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye rafu ya shule, Mabepari wa Venisi, ile ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na kuchapishwa 1969. (Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mfanyabiashara wa kwenye jina la Kiingereza akageuka mabepari, wengi. Mwalimu hakuwa mtu wa kupoteza nafasi.) Nilikuwa naikumbuka kama hadithi ya mkopeshaji katili. Safari hii nilimsoma mdhamini. Bassanio anahitaji ducati 3,000 kwa miezi mitatu, hana kitu, na Antonio rafiki yake ndiye anayesimama. Wanakutana ana kwa ana na Shylock. Sharti linasemwa kwa sauti: deni lisipolipwa kwa wakati, ratili moja ya nyama ya Antonio itakatwa. Bassanio mwenyewe anashtuka, anamwambia rafiki yake asikubali. Antonio anakubali akijua, na wanakwenda kwa mwanasheria kuandikiana.

Sharti ni la kinyama, hilo halina mjadala. Na Shylock ana sababu zake za uchungu, maana huyo huyo Antonio alikuwa akimtemea mate kwa kuwa ni Myahudi. Lakini tazama kile ambacho hata Venisi ile ya uonevu haikuweza kukiruka: mdhamini aliulizwa. Nyama iliyowekwa rehani ilikuwa ya mtu aliyekuwepo chumbani, aliyesikia, aliyeweza kusema hapana. Ingekuwa leo, Bassanio angebonyeza Ruhusu akiwa peke yake usiku, na asubuhi Shylock angekuwa na ratili moja ya kila mtu aliyewahi kumpa Bassanio namba yake. Mnakumbuka pia Portia alimkamatia wapi Shylock: chukua nyama, ila mkataba haukutaja damu. Nilipofika hapo nikafunga kitabu kidogo nikacheka. Sisi damu tumeitaja kwenye jina kabisa.

Hapa shangazi, nilipomweleza, alinikatisha. "We mtoto, kwani aibu imeanza na simu? Sisi tulidaiwa kwa Mangi mbele ya watu." Ni kweli, na sitaki kujifanya kwamba zamani palikuwa na upole. Nilikuwa natumwa dukani na daftari, nusu kilo ya sukari na kibiriti, aandike. Siku deni lilipozidi, Mangi hakunifokea. Alinihudumia wa mwisho. Watoto wote walionikuta pale walipewa vitu vyao wakaondoka, mimi nimesimama na daftari langu, nikisoma kwa mara ya kumi kile kibao cha mali kwa pesa, kukopa kesho. Nilikuwa na miaka tisa na ile dakika ninayo hadi leo. Kwa hiyo aibu ya deni naijua, na naijua kwamba ilikuwa inafanya kazi: mama alilipa wiki ile ile.

Lakini Mangi alikuwa na mipaka ambayo hakuna sheria iliyomwandikia. Alitujua. Alijua mshahara wa walimu umechelewa kwa sababu walimu wote mtaani walikuwa wanamdai muda. Alitaka mama alipe na pia arudi kununua, kwa hiyo kumvunja kabisa kungekuwa hasara kwake. Na aibu yake ilikuwa na ukubwa wa duka lake. Haikupanda basi kwenda kumwambia bibi kijijini, wala mkuu wa shule, wala mchungaji. Na akizidisha, watu walikuwa na mdomo wa kumwambia, Mangi, hapo umezidi. Yule mkaka aliyemfokea binamu yangu kwenye simu hana duka la kususiwa, na hana jirani. Huenda hata yeye ni kijana wa miaka ishirini na mbili aliyepewa orodha ya namba na karatasi ya maneno ya kusoma. Sijui nimwambie nani kwamba amezidi.

Na aibu hiyo imefanya nini? Jumamosi ile ile mchana nilikwenda Tabata kwa fundi. Nilijiambia napita tu. Nilipotokea mlangoni, kabla hata ya salamu, alivuta mfuko wangu kutoka chini ya meza akauweka juu. "Hiki hapa, dada. Hakijakatwa." Walikuwa wameshapita watatu kabla yangu, wote wanapita tu. Mmoja alichukua kitambaa kikiwa kimekatwa tayari, mikono haijaunganishwa, akasema atamalizia kwingine.

Fundi wa nguo anaishi kwa vitu vya watu. Kila kilichomo kibandani mwake ni cha mtu mwingine: vitambaa, advansi, hata cherehani ya pili ilikuwa ya dada yake. Mtaji wake ni kwamba watu wanaacha vitu vyao na kuondoka bila wasiwasi. Meseji ilikwenda moja kwa moja kwenye mtaji huo. Ukitaka alipe 118,000, hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho ungekigusa. Shangazi na dawa yake ya deni, wangemwachia angalau chungu cha kuchemshia.

Nilimwambia nimekuja kumsalimia. Tulijua wote wawili. Kitenge nikakiacha, kwa kiburi zaidi kuliko wema, nikaondoka, na kwa wiki tano sikurudi wala sikumpigia. Niliita kimya hicho heshima: simtaji, simwaibishi. Alikuja kuniambia kwamba yeye alikisoma tofauti.

Sheria, kwa haki yake, haijalala. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wenzetu Kenya walitangulia: sheria ya data 2019, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali 2022, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kampuni moja faini ya shilingi 2,975,000 za kwao kwa kutumia majina na namba za watu wengine kudai madeni. Google nao, kuanzia mwishoni mwa Mei 2023, walizikataza programu za mikopo binafsi kwenye duka lao kusoma namba na picha za mtumiaji. Yote mazuri, na programu bado inaweza kukufikia kwa kiungo ulichotumiwa, nje ya duka lolote. Ila sheria inamkamata mkopeshaji, na ndivyo inavyotakiwa. Haikunisaidia kwenye lile lililobaki kati yangu na fundi. Je, alinikosea? Angechukua hati ya kiwanja changu akaiweka rehani bila kuniambia, nisingekuwa na maswali. Alichukua jina langu. Kuna siku, njiani kurudi kazini, nilikuwa nimekwisha kumhukumu: ndiyo, alinikosea, kidogo.

Wapo watakaosema dawa ni kuchagua vizuri, simu ina programu nyingi, achana na mbaya chukua njema. Nilijaribu. Januari 2021, WhatsApp walipotangaza masharti mapya ya faragha, nilihamia Signal kwa mbwembwe, pamoja na nusu ya chumba cha habari. Kule tulikuwa waandishi tukisalimiana. Michango ya msiba, ratiba ya kumpeleka baba kliniki, picha za watoto wa dada, vyote vilibaki tulikotoka. Baada ya wiki mbili mama alinipigia: "Mwanangu, huko ulikohamia mimi sina nauli ya kuja." Nikarudi. Siku zote tunasema mtumiaji achague, kana kwamba anachagua soda. Niliyekuwa nimemchagulia, bila kumuuliza, alikuwa mama.

Hata hivyo kurudi WhatsApp si kitu cha kukiungama. Cha kukiungama ni hiki.

Mwaka 2019 nilichoka na namba ngeni. Ukiwa mwandishi unapigiwa na kila mtu: wenye habari, wenye matusi, wenye kuuza viwanja Kigamboni. Nikapakua programu ya kutambua wapigaji, ile inayokuonyesha jina la mtu hata kama hujamhifadhi. Iliniuliza kuhusu anwani zangu. Nilibonyeza Ruhusu nikiwa kwenye foleni ya ATM, na sikuwaza hata kidogo kwamba programu inayajua majina ya watu kwa sababu watu kama mimi tumeipa.

Kwenye simu yangu kulikuwa na mzee mmoja, mtumishi wa umma, aliyekuwa ananipa nyaraka kuhusu viwanja. Nilimwahidi kwamba jina lake halitatoka wala ofisi yake haitatajwa, na kwenye makala zangu halikutoka. Alinunua laini mpya kwa ajili ya kuongea nami tu. Mimi, ili nisimsahau, nilimhifadhi "Mzee Ardhi Nyaraka".

Mwaka jana alinipigia jioni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kidogo. Siku hiyo laini yake ya kawaida haikuwa na salio, akatumia ile nyingine kumpigia mwanawe. Kijana hakuwa na namba hiyo. Lakini kwenye skrini yake lilitokea jina.

"Mwanangu," akaniuliza, taratibu kabisa, "ni nani anayeniita Mzee Ardhi Nyaraka?"

Hakufukuzwa kazi. Ninavyojua, hakuna aliyeliona jina hilo isipokuwa mwanawe, aliyedhani ni utani. Niliomba radhi, nilimweleza ilivyotokea, alisema amesikia. Hajawahi kunitumia karatasi nyingine.

Nimejaribu kuyaweka mawili haya kwenye mizani na kila mara upande wangu unagonga chini. Fundi alikuwa na mashine iliyoungua na sare za watu 14. Mimi nilikuwa na uvivu wa kupokea simu. Yeye alinitoa mimi nikapata aibu ya kuitwa mdhamini, ambayo ilikwisha ndani ya siku mbili. Mimi nilimtoa mtu ambaye kazi yangu nzima ilisimama juu ya ahadi kwamba sitamtoa. Na hakuna aliyenitumia meseji kwa herufi kubwa. Niliendelea kuitwa mwandishi makini. Nadhani ndiyo maana sentensi ya binti wa chuo ilinichoma: alikubali mwenyewe. Hata mimi nilikubali mwenyewe, kwa niaba ya mtu aliyekuwa amekataa.

Baada ya wiki tano nilirudi Tabata, nikamwambia fundi kwamba meseji ile niliipata.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme. Uliponyamaza nikajua umeamini."

"Sikuamini."

"Ulikuja kuangalia kitenge."

Nilinyamaza. Akauliza waliandika nadaiwa ngapi. Nikamwambia, akacheka mpaka akashika ukuta. Walikuwa wameongeza. Deni lenyewe alikuwa amelimaliza, dada yake aliuza cherehani ya pili. Nikamsimulia habari ya mzee wa ardhi, yote, pamoja na jina nililomwandika. Hakusema pole. Aliuliza kama nimesamehewa, nikasema sijui, siku hizi hapokei.

Kisha akanipa simu yake nimwangalizie. Tuliingia kwenye mipangilio tukafungua orodha ya programu zilizoruhusiwa kusoma namba. Zilikuwa 11. Ile ya mkopo alishaifuta, lakini ilikuwepo tochi. Ilikuwepo ya kuremba picha, na ya kikokotoo, na mbili ambazo hakukumbuka kuzipakua. Tukazima moja moja, yeye akiwa amevaa miwani ya kutungia uzi.

"Na zile walizokwisha chukua?"

"Hizo zimekwenda."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka simu pembeni. Pale juu ya meza anakaa na kaunta buku moja nene, ya miaka mingi, ambamo ameandika miili yetu yote: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono. Shangazi aliwahi kumuuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, hipsi za wifi yake zimefika ngapi. Fundi alifunga daftari akaendelea kushona. Hakuna aliyemfundisha hilo, na hakuna masharti yaliyobandikwa ukutani.

"Simama vizuri," akaniambia, "umenenepa." Alinizungushia futi kiunoni, akalisoma, akafungua daftari kwenye ukurasa wangu. Ukurasa wa pili ulikuwa wa mtu mwingine. Aliufunika kwa kiganja, akaandika.